Torfhaus, Elend au Sorge: ukipata siku moja Harz, uende wapi?

Shemeji yangu wa Lushoto alinitumia picha ya kibao cha barabarani aliyoiokota kwenye kundi la WhatsApp, chini yake kaandika: "Shemeji, huko kuna vijiji vinaitwa Taabu na Wasiwasi, au wananitania?" Hawamtanii. Vipo, ni majirani, na treni ni ileile: unashuka Taabu, au unatulia kidogo unashuka stesheni inayofuata, Wasiwasi. Kwa Kijerumani ni Elend na Sorge. Anakuja mwezi wa nane na wanawe wawili, na siku ya kwenda msituni ni moja tu, kwa hiyo swali lake la pili ndilo lililonikalisha kitako: twende kipi? Nikamwongezea cha tatu, Torfhaus, kwa sababu Mjerumani yeyote wa huku atakayemuuliza atamtajia hicho kwanza, na mimi sitaki akichague kwa mazoea ya watu.

Vyote vitatu viko kwenye milima ya Harz, katikati ya Ujerumani kuelekea kaskazini. Mtu wa Lushoto asitegemee milima ya kumkata pumzi. Brocken, kilele kirefu kuliko vyote, kina mita 1,141, na mji wa Lushoto wenyewe uko juu zaidi ya hapo. Ila Harz imejitokeza peke yake kwenye tambarare, nayo ndiyo ya kwanza kupokea mawingu yanayotoka Bahari ya Kaskazini. Pale kileleni miti haioti, na ukungu hutanda kama siku 300 kwa mwaka. Torfhaus iko kwenye mita 800 hivi, jimbo la Niedersachsen, ikiutazama Brocken uso kwa uso. Elend na Sorge ziko chini yake, upande wa mashariki, jimbo la Sachsen-Anhalt, kwenye mabonde ya vijito viwili vyenye jina moja: Elend kwenye Bode Baridi, Sorge kwenye Bode ya Vuguvugu. Nimetia vidole katika vyote viwili na sikuona tofauti.

Kwa ukubwa, Elend ndiyo yenye watu, kama 400. Sorge ni kama mia moja. Torfhaus si kijiji hata kidogo. Ni kitongoji cha wakazi wachache mno kando ya barabara kuu namba 4, ambacho wikiendi ya jua hugeuka gulio.

Majina haya matatu yote yanadanganya, na historia ya kila mahali imejificha ndani ya uongo wake.

Torfhaus maana yake ni nyumba ya torf. Torf ni ule udongo mweusi wa kinamasi, mizizi na majani yaliyooza nusu kwa maelfu ya miaka, ambao watu wa kaskazini walikuwa wakiukata kama matofali, wakiuanika, kisha wakiuchoma badala ya kuni. Harz ilikuwa milima ya madini: fedha, risasi, shaba. Matanuri yalikula mkaa usiku na mchana, na misitu ikaanza kuisha. Mwaka 1713 wakaamua kujaribu torf ya juu huku. Wakaikata vizuri tu. Tatizo lilikuwa kuianika: mvua ikikoma unakuja ukungu, ukungu ukiondoka inakuja theluji. Mradi ukafa, jina likabaki. Kwa hiyo unapokwenda Torfhaus unakwenda mahali palipopewa jina la biashara iliyoshindwa kukauka.

Elend, kwa Kijerumani cha leo, ni dhiki, taabu, umaskini. Ndiyo maana watu wanapiga picha kibao. Lakini neno lenyewe zamani lilikuwa elilenti, na maana yake ilikuwa nchi nyingine, ugenini. Aliyekuwa ugenini, mbali na jamaa zake, ndiye aliyehesabiwa kuwa taabuni, na polepole maana ya pili ikaimeza ya kwanza. Sisi tulioandikisha anwani huku hatuhitaji mtaalamu wa lugha kutueleza ilikuwaje.

Sorge ni wasiwasi, kihoro, mashaka. Hapa nako wengi hulirudisha jina kwenye neno Zarge, ukingo au mpaka, kwa kuwa mipaka ya watawala wa kale ilipita karibu. Kijiji kiliitwa Mpaka mamia ya miaka kabla ya mpaka uliokuja kukitesa.

Hapo ndipo tofauti ya kweli kati ya vitatu hivi inapoanza, maana kwa sura ya msitu pekee nisingekusumbua kuchagua. Baada ya vita, Ujerumani ilipogawanywa, mstari ulipita katikati ya Harz. Torfhaus ikabaki magharibi. Elend na Sorge zikaangukia mashariki, tena karibu mno na mstari. Mwaka 1952 serikali ya mashariki ilitenga ukanda wa kilomita tano kutoka mpakani, na ndani yake mwingine wa mita 500. Huingii bila kibali. Shangazi yako anaishi Sorge? Unaomba ruhusa ya kwenda kumsalimu, na unaweza kunyimwa. Wenyeji wenyewe walipigiwa mhuri maalumu kwenye vitambulisho. Mwaka huohuo walioonekana hawaaminiki walihamishwa kwa nguvu kutoka ukanda wote, maelfu ya watu kuanzia Bahari ya Baltiki hadi Bavaria. Kwenye makaratasi, operesheni hiyo iliitwa Ungeziefer, yaani wadudu waharibifu. Mwaka 1961 ikarudiwa.

Upande wa Torfhaus mpaka ulikuwa kitu cha kutazama. Watu walikuja na darubini kuuangalia Brocken, kilele kilichofungwa kabisa kuanzia Agosti 1961, kikakaliwa na askari na mitambo ya kusikiliza mawasiliano. Minara mirefu ya redio na televisheni ya Torfhaus, ambayo bado ipo, nayo ilikuwa inarusha matangazo hadi mbali mashariki, kwa watu wasioruhusiwa kuvuka. Tarehe 3 Desemba 1989 waandamanaji walipanda Brocken kwa miguu na kudai lango lifunguliwe, likafunguliwa. Askari wa mwisho wa Kirusi waliondoka kileleni mwaka 1994.

Basi, kama unataka kuushika mpaka ule kwa mkono, ni Sorge. Siyo Torfhaus, na wala siyo Elend. Nje kidogo ya kijiji wameacha kipande kama kilivyokuwa: uzio wa chuma, mnara wa ulinzi, njia ya zege yalikopita magari ya doria, na sehemu walikofungwa mbwa kwenye waya ili wakimbie huku na huku. Unaingia ukitembea tu msituni. Hakuna vurugu ya watalii, na ukienda siku ya kazi utajikuta peke yako.

Mbele kidogo kuna kitu ambacho mimi hukirudia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 msanii Herman Prigann alirundika magogo ya miti iliyokufa yakawa boma la duara, upana wake kama mita 70, palepale ulipopita mpaka. Katikati zimebaki nguzo za zege za uzio wa zamani. Aliliita Ringi ya Kumbukumbu, na makusudi yake ni lisikarabatiwe, liachwe lioze. Limeoza kweli. Mara ya mwisho nilibonyeza gogo moja kwa kidole gumba, kikazama hadi kwenye kucha, na ndani mlikuwa na unyevu na rangi ya kahawa iliyochujwa. Juu ya magogo pameota kuvumwani na miche midogo, na kuna mahali boma limeshuka hata mtoto anaweza kuliruka. Nguzo za zege ndizo hazijaoza. Zinabaki zimesimama katikati, hazina cha kuzuia.

Elend haina la namna hiyo, lakini ina mambo mawili ambayo watoto watayapenda zaidi. La kwanza ni kanisa. Ni la mbao, la mwaka 1897, mita 11 kwa 5, viti 80, na wenyeji wanajivuna kwamba hakuna kanisa la mbao dogo kuliko hilo Ujerumani nzima. Sijapima ya wengine. Limekaa peke yake kwenye uwanda wa nyasi, na ukiliona kwa mbali unaweza kudhani limeshushwa pale kwa muda, kesho watakuja kulichukua.

La pili ni njia ya bondeni kutoka Elend kupanda kuelekea kijiji cha Schierke, ukifuata Bode Baridi. Njia ni ya wastani, maji yanapita kati ya mawe makubwa ya graniti, na juu yake, mlimani, ipo miamba miwili iliyosimama kama minara, Schnarcherklippen, yaani Majabali Yanayokoroma. Upepo ukipita katikati yao husikika mkoromo. Mwambie mtoto abebe dira. Jiwe lile lina sumaku, na mshale unapoteza mwelekeo. Goethe, mshairi mkuu wa Wajerumani, aliyaingiza majabali haya kwenye tamthilia yake kubwa, Faust, pale wachawi wanapokwenda kucheza ngoma usiku, na akaandika wazi kwamba tukio linatokea maeneo ya Schierke na Elend. Ndiyo maana utaona vinyago vya bibi kizee juu ya ufagio kila dukani. Visikutishe, ni biashara.

Goethe huyohuyo ndiye mtaji wa Torfhaus. Tarehe 10 Desemba 1777 alifika kwenye nyumba ya mlinzi wa msitu, Johann Christoph Degen, akitaka kupelekwa Brocken. Degen akamwambia haiwezekani, ukungu wote ule, tena majira ya baridi hajawahi kupanda hata yeye. Wakiwa wanatazama dirishani ukungu ukafunguka, mlima ukaonekana wote. Waliondoka saa nne na robo asubuhi, theluji imejaa lakini imeganda kiasi cha kubeba mtu, na saa saba na robo mchana walikuwa juu. Njia hiyo leo inaitwa Goetheweg, kama kilomita nane kwenda tu. Ni nzuri. Inaanzia kando ya kinamasi chenyewe, ambako wamejenga daraja la mbao ili usikanyage, na ukiinama utaona vijimea vyekundu vyenye matone kama umande, vinavyonasa wadudu na kuwala. Baadaye unapita pembeni ya reli hadi kileleni.

Lakini uone na upande wa pili. Maegesho ya Torfhaus ni makubwa kuliko kitongoji chenyewe. Jumamosi ya jua pikipiki zinapita barabara namba 4 kama nyuki waliochokozwa, na kila unachokiona kinauzwa: chai, soseji, makofia, usiku mmoja kwenye kibanda cha mbao. Anayekwenda Torfhaus bila nia ya kutembea hadi Brocken, au angalau kuingia kwenye kinamasi na kituo cha maonyesho cha hifadhi ya taifa, amekwenda kununua chai ghali penye upepo.

Kuhusu msitu, lazima nimwandae mgeni, kwa sababu picha za zamani kwenye vipeperushi zitamfanya adhani amepotea njia. Utakuta vilima vizima vya miti mikavu, ya kijivu, mingine imesimama, mingine imelala kama njiti zilizomwagika. Torfhaus ni hivyo pande karibu zote. Miti hiyo ni misprusi, ile jamii ya misonobari wanayopamba Krismasi. Haikuwa msitu wa asili wa sehemu kubwa ya Harz. Awali mabonde haya yalikuwa na miti ya majani mapana, hasa mibeche. Migodi ikaifyeka, na kuanzia karne ya 18 wakapanda misprusi mistari kwa mistari kwa sababu inakua haraka na inanyooka. Anayeijua Sao Hill kule Mufindi ataelewa mara moja. Ulipokuja ukame wa 2018 na miaka iliyofuata, miti ikakosa maji ya kutengeneza utomvu wa kujikinga, na mbawakawa mdogo wa magomeni akaimaliza. Wajerumani wanamwita Buchdrucker, mpiga chapa. Okota kipande cha gome utajua kwa nini: kwa ndani kuna mfereji mmoja wima na mingine midogo inatoka ubavuni, imepangika kama mistari ya ukurasa.

Ndani ya hifadhi ya taifa wameamua kutoondoa mizoga hiyo. Msitu uachwe ujiponye. Wapo wenyeji wanaolaani uamuzi huo, hasa baada ya mioto mikubwa ya Septemba 2022 na Septemba 2024 upande wa Brocken, na wapo wanaoonyesha kwa kidole miche mipya ya kila aina inayochomoza katikati ya mikavu. Mimi niko na hawa wa pili, ingawa mimi sina nyumba pale. Kando ya vijito vya Elend na Sorge bado kuna kijani cha kutosha, kwa hiyo anayetaka kivuli na picha za harusi aelekee huko. Na kote huko wapo linksi, paka mwitu wakubwa, ndugu wa simbamangu wetu, waliorudishwa kuanzia mwaka 2000. Usimwahidi mtoto atamwona.

Usafiri ndio unaoamua kwa wengi. Torfhaus unafika kwa basi kutoka Bad Harzburg, ambako treni za kawaida zinaishia. Ni rahisi. Elend na Sorge ziko kwenye reli nyembamba ya Harz, inayokata milima kutoka Wernigerode hadi Nordhausen, kama kilomita 60, iliyokamilika mwaka 1899. Upana wa reli ni mita moja kamili. Shemeji anaujua bila kujua: ni uleule wa reli ya Tanga, ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893, zama zilezile. Mabehewa yana varanda wazi mwishoni, unasimama nje unashika chuma, moshi unakupitia usoni. Usivae nyeupe; mimi nilivaa, na vitone vya masizi havijatoka kwenye kola hadi leo. Lakini angalia ratiba kwa makini. Vichwa vingi vya mvuke hupanda Brocken kupitia stesheni za Drei Annen Hohne na Schierke, ilhali upande huu wa Elend na Sorge huhudumiwa zaidi na treni za dizeli, na safari kwa siku ni chache. Ile kadi ya kila mwezi ya usafiri wa nchi nzima haikufikishi huko, utakata tiketi yao, na bei yake si nafuu. Ukiachwa Sorge jioni, umeachwa kweli. Niliwahi kukaa pale stesheni karibu saa mbili kwa sababu nilisoma ratiba ya majira mengine, nikabaki kuhesabu vyura.

Chakula: Torfhaus kipo cha kila namna. Elend kipo kidogo. Sorge usitegemee, beba chapati zako na chupa ya chai. Kote huko utaletewa supu nzito ya njegere kavu, tamu hasa ukiwa umelowa, ila soseji inayoelea ndani ni ya nguruwe. Asiyekula aseme mapema "bila nyama", na aulize pia mchuzi umechemshwa na nini.

Kwa msimu wa baridi ningegeuza ushauri: Torfhaus inakuwa ya kwanza, kwa kuwa theluji hukaa juu zaidi na watoto wanakodi vigari vya kutelezea. Mwezi wa nane hilo halina maana.

Kuna jambo moja zaidi, halimo kwenye vitongoji hivi vitatu, lakini sikuona haki kulinyamazia kwa mtu wa mkoa wa Tanga. Kusini-magharibi mwa milima hiihii kuna mji wa Bad Lauterberg, na bustanini mwake imesimama tangu 1908 sanamu ya Hermann von Wissmann, yuleyule aliyeongoza vita dhidi ya Abushiri bin Salim, na ambaye chini ya amri yake Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Sanamu yake nyingine ilikuwa Dar es Salaam, Waingereza wakaing'oa. Hii ya huku bado ipo. Sikusema aende. Nilimwambia tu kwamba ipo, ajue anatembea wapi.

Sasa kuchagua. Kama ungekuja peke yako, ningekupeleka Sorge bila kufikiri mara mbili, asubuhi mapema, na ningekuacha kwenye lile duara la magogo kwa saa nzima. Kama magoti yana nguvu na hamu yako ni kusema umesimama juu ya Brocken, ni Torfhaus, siku ya kazi, na uanze kabla ya saa tatu. Kama una watoto wa miaka saba na kumi, kama yeye, ni Elend: treni, kijito, majabali yenye sumaku, kanisa la kuchezea, na hakuna mwendo wa kuwaliza. Watu wazima wakitaka waendelee Sorge mchana kwa treni inayofuata, kama ratiba ya siku hiyo inaruhusu kurudi.

Nilimtumia yote haya kwa sauti, dakika kumi na moja. Akanyamaza siku mbili. Kisha akajibu kwamba amechagua Taabu asubuhi na Wasiwasi mchana, tiketi nimkatie mimi, na je, kule kwenye sumaku dira ya kwenye simu itafaa au anunue ya kweli?

Nunua ya kweli, shemeji.